Talai: Ukoo uliohamishwa kwao ukabaki na fimbo ya baraka

KAPTAGAT ni jina ambalo mashabiki wa riadha kote ulimwenguni hulitamka bila kujikwaa. Hapo, takriban kilomita 30 kutoka Eldoret, kando ya msitu unaokaribia ukingo wa Bonde la Kerio, ndipo Eliud Kipchoge alipojifua kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, hadi akakimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mnamo Oktoba 12, 2019.

Kijiji alikozaliwa bingwa huyo hakitajwi sana katika habari za michezo. Kinaitwa Kapsisiywa, nacho kiko katika Kaunti ya Nandi. Katika habari za siasa, hata hivyo, jina hilo hujitokeza kila uchaguzi mkuu unapokaribia, kwa kuwa Kapsisiywa ndiko serikali ya kikoloni ilikowakusanya watu wa ukoo wa Talai wa Wanandi ili iwachunge kwa karibu. Ukoo huo ndio uliotoa viongozi walioitwa orkoiik (mmoja wao ni orkoiyot), na ndio ambao wanasiasa wa Bonde la Ufa wangali wanautafuta wanapotaka kuinua mabega mbele ya wapigakura.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba ukoo uliopigwa marufuku kwa sheria, ukahamishwa na kuachwa bila ardhi, bado unabishiwa hodi na watu wenye magari na walinzi. Ili kulielewa, sharti msomaji arudi nyuma zaidi ya karne moja.

Familia zilizofukuzwa kwao zikaendelea na siasa za wazee wao si ngeni duniani. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Díaz-Balart wa Cuba. Rafael Díaz-Balart alikuwa kiongozi wa walio wengi bungeni katika utawala wa Fulgencio Batista. Dadake, Mirta, ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa Fidel Castro. Castro aliposhika hatamu mwaka 1959, familia ikaishia uhamishoni. Wana wawili wa Rafael waliingia katika Bunge la Marekani kwa tikiti ya chama cha Republican kutoka Florida: Lincoln, aliyehudumu kuanzia 1993 hadi 2011 na kufariki mwaka 2025, na mdogo wake, Mario, aliyeingia mwaka 2003. Msimamo wao wa kihafidhina na uadui wao dhidi ya serikali ya Havana waliurithi nyumbani, kama wengine wanavyorithi shamba.

Wacuba hao walifukuzwa na mapinduzi wakakimbilia ng'ambo, ambako walipata vyama, magazeti na kura. Talai walihamishwa ndani ya nchi yao wenyewe, na serikali ya kigeni, kwa kosa la kuzaliwa. Hawakuwa na bunge la kuingia wala gazeti la kulalamikia. Walichobaki nacho ni jina, pamoja na imani ya majirani wao kwamba jina hilo lina uzito.

Kazi ya orkoiyot

Wazungu wa mwanzo walimwita orkoiyot "mchawi", wakati mwingine "mfalme", na mara nyingi zaidi "laibon", neno la Kimaasai. Hakuna hata moja kati ya hayo lililolingana sawasawa na wadhifa wenyewe. Uhusiano na Wamaasai upo kweli: mapokeo ya Wanandi yanaufungamanisha ukoo huu na waganga watabiri wa Kimaasai, na mamlaka yake miongoni mwa Wanandi yalikua katika karne ya 19, wakati nguvu za Wamaasai wa Uasin Gishu zilipokuwa zikififia.

Wanandi walijitawala kwa mabaraza. Kila mtaa ulikuwa na kokwet yake, ambapo wazee waliketi wakakata mashauri, na mitaa mingi ikaunganishwa katika pororiet, kitengo kikubwa kilichotoa pia kikosi cha vita. Orkoiyot hakuamuru mabaraza hayo kama mfalme aamuruvyo raia. Kila pororiet ilikuwa na wajumbe wake, maotik, walioketi na wazee, wakasikiliza, wakapeleka habari kwake na kurudi na neno lake. Bila baraka yake vijana hawakwenda vitani, na bila idhini yake sherehe za kukabidhiana madaraka baina ya marika hazikufanyika. Alitarajiwa pia kuona mbele: mvua, maradhi ya mifugo, ujio wa adui.

Kwa maneno mengine, huyu alikuwa mlinzi wa utaratibu uliokuwapo. Iwapo neno "mhafidhina" lina maana yoyote nje ya vyama vya Ulaya, basi linamfaa. Kazi yake haikuwa kubuni mambo mapya bali kuhakikisha kwamba rika linapokezana na rika kwa wakati wake, kwamba vita havianzwi kwa pupa, na kwamba ardhi na ng'ombe vinabaki mikononi mwa wenyewe.

Wala wadhifa huo haukuwa kinga. Kimnyole arap Turukat, babake Koitalel, aliuawa kwa marungu na Wanandi wenyewe mnamo 1890, baada ya kulaumiwa kwa misiba iliyowaandama, ikiwemo vifo vya mifugo na vya vijana waliokwenda vitani. Mapokeo yanasema alikuwa ametabiri ujio wa wageni weupe na nyoka wa chuma atemaye moshi. Iwe alitamka hayo au la, kifo chake kinaonyesha jambo ambalo wengi wanaousifia ukoo huu leo hulisahau: mamlaka ya orkoiyot yalitegemea ridhaa ya watu, na watu waliweza kuyaondoa.

Kifo hicho kilizua mgogoro wa urithi kati ya wana wawili wa Kimnyole. Koitalel arap Samoei alishinda. Kipchomber arap Koilege na wafuasi wake walihamia kwa Wakipsigis, ambako alipokewa na kuanzisha tawi la pili la uongozi wa Talai. Matawi hayo mawili yalikuja kupatwa na balaa moja kwa nyakati tofauti.

Risasi ya Oktoba 1905

Reli kutoka Mombasa ilipofika maeneo ya Wanandi ilikuwa tayari imezua uadui. Wanandi waliuona mstari huo kuwa uvamizi. Walikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, waking'oa vyuma na kuvifua silaha. Kati ya 1895 na 1905 Waingereza walituma misafara kadhaa ya kijeshi kuwaadhibu bila kuwashinda kabisa. Reli yenyewe ilifika Kisumu Desemba 1901, lakini sehemu iliyopita karibu na Nandi iliendelea kuwa kidonda.

Mnamo Oktoba 19, 1905, Kapteni Richard Meinertzhagen alimwalika Koitalel kwenye mazungumzo ya amani katika eneo ambalo sasa ni Nandi Hills. Orkoiyot alifika na watu wake. Alipigwa risasi akafa, pamoja na wafuasi wake kadhaa. Meinertzhagen alidai kwamba ni yeye aliyetegewa mtego. Uchunguzi wa kijeshi ulifanywa zaidi ya mara moja, naye akaondolewa lawama, ila alihamishwa kutoka Afrika Mashariki mwaka uliofuata.

Hapa haidhuru kuongeza kwamba Meinertzhagen, aliyesifika baadaye kama mtaalamu wa ndege, aligunduliwa baada ya kufa kwake kuwa aliiba vielelezo vya ndege kutoka makumbusho na kughushi maelezo yake. Ushuhuda wa mtu wa aina hiyo kuhusu kilichotokea siku ile hauwezi kupokewa kwa mikono miwili.

Vita vilivyofuata vilikuwa vifupi na vikali. Maelfu ya ng'ombe walitwaliwa, nyumba na nafaka zikateketezwa, na kufikia 1906 Wanandi walikuwa wamesukumwa katika hifadhi iliyochorwa na serikali. Njia ya reli ikawa salama. Vivyo hivyo uwanda mpana wa kaskazini mashariki, ambao walowezi walikuwa wakiutamani.

Uwanda wa wageni waliofukuzwa kwao

Uwanda huo ni Uasin Gishu, ambao Kaptagat iko upande wake wa mashariki, mpakani mwa nchi ya Wakeiyo. Historia yake ina kejeli ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi katika sehemu hii ili wajenge makao yao. Tume ya watu watatu ilizuru uwanda huo mapema 1905, na katika mwaka huohuo mkutano mkuu wa vuguvugu la Kizayuni ukaikataa zawadi hiyo.

Wayahudi walipokataa, walikuja Makaburu. Mwaka 1908, kundi la familia zilizoongozwa na Jansen van Rensburg, watu waliokuwa wameona jamhuri zao zikimezwa na Uingereza katika vita vilivyokwisha 1902, waliteremka meli Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapandisha uwandani kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji uliochipuka kwenye shamba nambari 64 ulipewa jina la Eldoret mwaka 1912. Wazee wa Kikalenjin bado huuita Sisibo, yaani 64 iliyopitia ulimi wa nyumbani.

Hivyo basi, katika kipindi cha miaka michache, dola moja iliwaahidi uwanda huu wakimbizi wa Urusi, ikawagawia waliokuwa maadui zake wa Afrika Kusini, na papo hapo ikaanza kuwageuza wakimbizi watu waliokuwa wakilisha ng'ombe hapo. Kaptagat yenyewe iliingia katika ramani ya mashamba ya walowezi, wakajengewa hata shule ya watoto wao. Wakeiyo walibanwa kwenye miteremko ya bonde. Wanandi walibanwa magharibi.

Miaka 40 kifungoni

Baada ya Koitalel, serikali ilijaribu kumtumia orkoiyot kama chifu wa kulipwa. Jaribio hilo halikudumu. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alipochukua wadhifa mnamo 1919, manung'uniko yalikuwa yakifurika. Mwaka uliofuata, sehemu nyingine ya ardhi ya Wanandi, hususan Kipkarren na Kaimosi, ilikatwa na kupewa wanajeshi wazungu waliotoka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kodi iliongezwa. Sotoka ilipoingia, karantini ikawazuia wafugaji kuuza ng'ombe, lakini kodi ikaendelea kudaiwa kwa fedha taslimu.

Mwaka 1923 ulikuwa wakati wa saget ab eito, sherehe kuu ya kuchinja fahali ambapo rika moja hukabidhi uongozi kwa jingine. Vijana wangekusanyika kwa maelfu. Maafisa wa serikali waliamini kwamba mkusanyiko huo ungekuwa mwanzo wa uasi. Oktoba 16, 1923, siku chache kabla ya sherehe, Barsirian alitiwa mbaroni pamoja na wazee wengine na sherehe ikapigwa marufuku.

Orkoiyot alipelekwa Meru, mbali na watu wa lugha yake. Baadaye alizuiliwa kisiwani Mfangano katika Ziwa Victoria. Hakuachiliwa hadi 1964, Kenya ilipokuwa tayari na bendera yake, na akafariki 1974. Jumla ni takriban miaka 40 ya kuzuiliwa, ambayo ni zaidi ya ile 27 ya Nelson Mandela. Mwanafunzi wa Kenya anayeweza kutaja Robben Island bila kufikiri, mara nyingi hajawahi kusikia jina la Barsirian. Hilo ni pengo katika vitabu vya shule, na si Wanandi pekee wanaopaswa kulilalamikia.

Sheria ya mwaka 1934

Upande wa Wakipsigis, serikali haikutumia bunduki sana. Ilitumia karatasi. Mwaka 1914, Kipchomber arap Koilege na nduguze wawili, Boisio na Kibuigut, walihamishwa kutoka Kericho hadi Fort Hall na Nyeri. Wakuu wa serikali walidhani kwamba kwa kuondoa vichwa, mwili ungetulia. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1930, kila wizi wa ng'ombe na kila ukaidi dhidi ya masetla wa majani chai ulielekezewa "malaibon".

Ndipo mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa. Neno la kutiliwa maanani ni "mahususi". Sheria hiyo haikuhitaji mtu ashtakiwe wizi wala uchochezi. Ilitosha awe wa ukoo. Kuanzia mwaka huo, watu wapatao 700, wanaume kwa wanawake, wakongwe na watoto wachanga, waling'olewa kutoka nyanda za juu za Kericho na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay.

Gwassi ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na kwa sababu hakuna mlowezi aliyeitaka. Palikuwa na joto, malaria na mbung'o. Watu waliozoea baridi na ng'ombe wa maziwa walijikuta mahali ambapo ng'ombe walikufa, kisha watoto wakafuata. Walihitaji vibali ili kutoka. Ndoa na jamaa waliobaki nyumbani zilikatika, na kizazi kizima kikazaliwa ugenini kikiambiwa habari za Kericho ambayo hakijawahi kuiona.

Si haki kuficha kwamba ndani ya jamii yenyewe wapo waliofurahia. Ukoo wa Talai uliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Kuna familia zilizokataa kuoza binti zao huko, na kuna machifu wa serikali ambao kuondoka kwa orkoiik kuliwaachia uwanja. Kwa miaka mingi baada ya kurejea, neno "laibon" lilikuwa tusi shuleni na sokoni. Unyanyapaa huo haukuletwa wote na Waingereza, ingawa wao ndio walioupa nguvu ya sheria.

Marufuku yalilegezwa karibu na uhuru, na kuanzia 1962 familia zikaanza kurudi Kericho. Ardhi yao ilikuwa na wenyewe wengine, ama makampuni ya majani chai, ama majirani. Wengi waliishia vibandani pembezoni mwa mji wa Kericho wakingoja kupewa mashamba, na wapo waliozeeka wakingoja.

Baraka na kura

Wakati Talai walipokuwa wakirejea, siasa za Bonde la Ufa zilikuwa zimepata sura mpya. Chama cha Kadu, kilichoundwa mwaka 1960 na viongozi kama Ronald Ngala, Masinde Muliro, Taita Towett na Daniel arap Moi, kilisimama kwa ajili ya makabila madogo na majimbo. Ajenda yake ilikuwa ya kihafidhina kwa maana ileile ya orkoiyot: ardhi ya wazee ibaki kwa wajukuu, na madaraka yasikusanywe mbali. Kadu ilijivunja mwishoni mwa 1964, mwaka uleule ambao Barsirian aliachiliwa. Mzee huyo alitoka kizuizini akikuta chama ambacho kingeweza kumsemea kikimalizikia ndani ya Kanu.

Kilio cha ardhi hakikufa. Mwaka 1969, mbunge Jean-Marie Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills akidai mashamba ya walowezi ya Nandi yarudi kwa Wanandi; mwaka 1975 akawekwa kizuizini. Moi, aliyeingia Ikulu 1978, alitawala kwa miaka 24 na kujenga mtandao wa kisiasa uliojali utiifu na mila. Hata hivyo, katika utawala wote huo wa mwana wa Kikalenjin, madai ya ardhi ya Talai wa Kericho hayakutatuliwa. Wasomaji wanaodhani kwamba kuwa na mtu wenu Ikulu ni dawa ya kila ugonjwa wana cha kutafakari hapo.

Mgeuko ulikuja katika karne hii. Mwaka 2006, fimbo tatu za Koitalel, zilizochukuliwa siku ya mauaji yake, zilirejeshwa na mwanawe Meinertzhagen kutoka Uingereza na kuwekwa katika makumbusho ya Nandi Hills yenye jina la shujaa huyo. Tukio hilo lilirudisha Talai katika mazungumzo ya umma. Wanasiasa, ambao pua zao huhisi upepo mapema, wakagundua kwamba picha ya mgombea akiwa amesimama katikati ya wazee wa ukoo huo ina thamani ambayo tangazo la redio haliwezi kununua.

Mfano dhahiri ulitokea Oktoba 2020. Gideon Moi, wakati huo Seneta wa Baringo na mwenyekiti wa Kanu, alikuwa amempoteza babake mwezi Februari mwaka huo na alitarajiwa na wengi kurithi nafasi yake ya kisiasa. Alipanga safari ya Kapsisiywa kukutana na wazee wa Talai. Vijana walifunga barabara na safari ikavunjika. Tayari zilikuwa zimeenea habari kwamba wazee walikuwa wamembariki William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais, na wakazi wengine walishikilia kwamba baraka ya namna hiyo haitolewi mara mbili. Wazee wenyewe hawakuwa na sauti moja.

Hapo zilikutana familia mbili zenye mapokeo ya uongozi: moja iliyokaa Ikulu robo karne, nyingine iliyokaa Gwassi robo karne na ushei. Ya kwanza ilikuja kuomba, na barabara ikafungwa. Gideon Moi alishindwa kutetea kiti chake cha useneta mwaka 2022, na Oktoba 2025 akajiondoa katika uchaguzi mdogo wa kiti hicho baada ya kukutana na Ruto, ambaye sasa ni Rais.

Rais mwenyewe, jina lake kamili likiwa William Kipchirchir Samoei arap Ruto, amebeba jina ambalo kila Mkalenjin hulihusisha na Koitalel. Jina si hati ya nasaba. Watoto hupewa majina ya mashujaa kila mahali. Lakini katika kampeni, tofauti kati ya jina na nasaba hufutika upesi.

Swali ambalo wenyeji wengi wameuliza ni iwapo baraka inayotolewa mbele ya kamera, kwa mtu anayetafuta kura, ni ileile iliyotolewa kwa vijana waliokwenda kupigana. Orkoiyot wa zamani alibariki kwa niaba ya mabaraza yaliyoweza kumkataa, na yaliyomuua Kimnyole. Mzee wa leo anabariki bila baraza, na mgombea akishindwa au akiiba, hakuna anayemwajibisha aliyembariki. Katika hali hiyo, wanasiasa wamebaki na sherehe ya wadhifa huo na kuacha masharti yake.

Deni ambalo halijalipwa

Wakati baraka zikigombaniwa, Talai wa Kericho wamefuata njia nyingine, ya sheria. Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliyasikiliza madai yao pamoja na ya Wakipsigis wengine walioondolewa kupisha mashamba ya majani chai, na mwaka 2019 ikaamua kwamba walidhulumiwa. Zaidi ya watu 100,000 walijiandikisha katika malalamiko yaliyofikishwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu maalumu wa umoja huo wakaielezea Uingereza wasiwasi wao. Agosti 2022, kesi ikapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg.

Msimamo wa kisheria wa waathiriwa wa Mau Mau, waliolipwa fidia na Uingereza mwaka 2013, uliwatia moyo. Tofauti ni kwamba wale wa Mau Mau waliweza kusimama mahakamani wakaonyesha makovu ya mateso ya miaka ya 1950. Waliopelekwa Gwassi mwaka 1934 wakiwa watu wazima wamekwisha wote. Waliobaki ni waliozaliwa huko, na watoto wao, ambao hasara yao ni ya mashamba yasiyo na hati na miaka isiyo na shule.

Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, alieleza huzuni na majuto makubwa kwa ukatili uliotendwa wakati wa ukoloni, ila hakuomba radhi rasmi. Wanandi walitumia ziara hiyo kurudia ombi lao la siku nyingi: lirejeshwe fuvu la Koitalel, ambalo jamii inashikilia kwamba lilikatwa na kupelekwa Uingereza baada ya kuuawa kwake. Fimbo zake tatu ziko Nandi Hills. Fuvu bado linadaiwa.